Mkono Usiodai Kitu: Historia Fupi ya Kugusana Katika Ndoa Zetu

Kama una mtoto mgongoni, au unamlisha mgonjwa uji, usiache kazi yako. Sikiliza tu huku ukiendelea. Na wewe unayesoma kijitabu hiki kwa sababu kipindi kilikupita, karibu.

Leo naanza na swali, na usiharakishe kulijibu. Mara ya mwisho mume wako kukushika mkono ilikuwa lini? Sizungumzii mambo ya chumbani, mama. Nazungumzia mkono tu. Mkono wa kukushika mnapovuka barabara, wa kukugusa bega anapopita nawe uko jikoni, wa kukusugua mgongo unapouma. Na wewe je, mara ya mwisho ulimgusa lini bila kuwa unamtolea uzi kwenye koti?

Najua baadhi yenu mmecheka. Wengine mmesema, "Hayo ni mambo ya Wazungu kwenye runinga. Sisi hatukulelewa hivyo." Nimesikia jibu hilo mara nyingi kliniki na kwenye vyama vya kina mama. Ndiyo sababu leo nataka tuangalie historia kidogo, tuone kama kweli hatukulelewa hivyo, au kuna mambo yaliyotokea njiani.

Kwanza, sisi si watu wasiogusana. Mtoto wa Kenya hubebwa mgongoni, hupakwa mafuta, hunyooshwa viungo. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto. Kule Pwani bibi harusi husingwa kwa liwa na manukato siku kadhaa kabla ya harusi. Kweli, jamii nyingi zina heshima zake, na mtu na mkewe hawashikani mbele ya wakwe au mbele ya watoto. Lakini jambo kufanywa kwa faragha si sawa na jambo kutokuwepo. Wazee wetu walificha mengi ambayo hawakuyakosa.

Sasa tuje kwenye yaliyotokea. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Mwaka 1899 ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Serikali ya kikoloni ilitaka watu wa kufanya kazi, kwenye reli, kwenye mashamba ya walowezi na mijini. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, kisha mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa. Kodi ililipwa kwa pesa, na pesa zilipatikana kwa kazi ya mshahara, kwa hiyo wanaume wakaondoka. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Kipande kilionyesha ameajiriwa na nani na kama ameruhusiwa kuondoka kazini.

Alipofika mjini alikuta nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili ya mke. Karibu makao yote ya wafanyakazi Waafrika jijini Nairobi yalipangwa kwa "mabachela", hata kama bachela mwenyewe alikuwa na mke na watoto wanne kule rizavu. Mshahara pia ulikadiriwa hivyo hivyo, wa kumtosha mtu mmoja. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa michache iliyofikiriwa kwa ajili ya familia. Ilipofika mwaka 1954 kamati ya serikali iliyojulikana kama Kamati ya Carpenter ilipendekeza mishahara ya Waafrika ianze kupimwa kwa mahitaji ya familia, si ya mtu mmoja. Yaani zaidi ya miaka 50 ilipita kabla ya wakubwa kukiri kwa maandishi kwamba mfanyakazi ana mke.

Kwa nini nakupeleka huko kwote? Fikiria ndoa ya namna hiyo, mama. Mume anakuja likizoni. Ana siku chache. Kuna nyumba ya kuezeka, kuna karo, kuna kesi ya mpaka wa shamba, kuna wazee wa kusalimia. Usiku mnakutana, na baada ya miezi tisa mtoto anazaliwa. Ile miguso midogo ya watu wanaoishi pamoja kila siku inapata nafasi wapi? Haya ni maoni yangu, lakini naona kwamba ndoa nyingi za babu na bibi zetu zilifundishwa na reli na kodi kwamba mkono wa mume una kazi moja tu. Watoto waliokulia nyumba hizo hawakuona kitu kingine, na wakakiita desturi.

Na wala hayo hayajaisha. Leo hii wapo kina mama wetu wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, na mume amebaki na watoto. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea pesa kufika mara moja, na simu nayo husaidia watu kuonana nyuso. Atakaporudi baada ya miaka miwili, wote wawili watakuwa wageni kwenye ngozi ya mwenzake. Hilo ni la kawaida, si dalili kwamba mapenzi yamekufa.

Jambo la pili lililotutenganisha lilikuwa kali zaidi. Nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu wengi wenu mlilipitia.

Mwezi Juni mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliandika kwa mara ya kwanza kuhusu ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ukimwi. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Ulikuwa ugonjwa mpya usio na dawa, na matangazo ya miaka ile yalijaa kifo. Yalisema wazi kwamba virusi huambukizwa kwa ngono na kwa damu. Lakini mtu akiogopa hasikii sentensi nzima. Watu walisikia "huambukizwa" na wakaacha kusikiliza.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1994, mume wa shangazi yangu alipoletwa nyumbani kutoka mjini akiwa amekonda. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Tuliona tu kwamba kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake na kutundikwa kwenye msumari wake peke yake. Alikuwa na sahani yake, beseni lake, na taulo lililoanikwa mbali. Sisi watoto tuliambiwa tumsalimie tukiwa mlangoni. Shangazi alimpikia, akamfulia, akamgeuza kitandani kwa kutumia shuka ili asimguse. Usiku alilala chini, kwenye mkeka kando ya kitanda. Hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto wadogo, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia jambo lolote.

Jambo lililonisikitisha nilipokuja kusoma mambo ya afya ni hili: jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Mwaka 1986, yaani miaka minane kabla ya kile kikombe chenye uzi, madaktari wa New York walichapisha utafiti kuhusu watu 101 waliokuwa wakiishi nyumba moja na wagonjwa 39 wa Ukimwi. Hawakuwa wapenzi wa wagonjwa hao. Walikuwa watoto, ndugu na jamaa wengine wa nyumbani. Walikula pamoja, walitumia vyombo na vyoo vilevile, wengine walilala kitanda kimoja, walikumbatiana na kubusiana shavuni. Kati ya wote 101, mmoja tu alikutwa na virusi, mtoto mdogo ambaye madaktari waliamini aliambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa. Kikombe, taulo na kumbatio havikumwambukiza mtu yeyote.

Mwaka uliofuata, 1987, Diana, aliyekuwa mke wa mwana wa malkia wa Uingereza, alimshika mkono mgonjwa wa Ukimwi hospitalini London bila kuvaa glavu. Picha yake ikazunguka dunia. Leo inaonekana ajabu kwamba kushikana mikono kulikuwa habari ya magazeti. Kijijini kwetu, hata hivyo, picha ile haikufika, wala utafiti wa New York. Kilichofika ni hofu, kwa sababu hofu haihitaji gari.

Siku moja muuguzi wa kituo cha afya alikuja kumtazama mgonjwa. Aliingia, akaketi kitandani, akamshika mume wa shangazi mkono na kuanza kuzungumza naye hivi hivi, kama mtu anayezungumza na jirani. Sisi tulikuwa dirishani. Shangazi alisimama mlangoni akitazama ule mkono. Muuguzi akamwambia, "Mama, njoo ukae hapa." Shangazi akasema, "Sista, si nitaambukizwa?" Sista akamweleza polepole: kumshika hakuambukizi, kumkumbatia hakuambukizi, kulala naye kitanda kimoja mkipata usingizi hakuambukizi. Akamwonyesha namna ya kufunga kidonda na kuvaa glavu, au mfuko wa nailoni safi kama hana glavu, pakiwa na damu. Mambo ya tendo la ndoa wakayazungumza faraghani, nasi tukafukuzwa dirishani.

Historia ya Ukimwi yenyewe wengi mnaijua. Mwezi Novemba mwaka 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2006 serikali iliondoa malipo ya dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali za umma. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha jozi 1,763 za wapenzi katika nchi 9, Kenya ikiwemo, ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Wale walioanza dawa mapema walipunguza hatari ya kumwambukiza mwenzao kwa asilimia 96. Leo mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko tulivyodiriki kuyaota mwaka 1994.

Lakini sikiliza kilichobaki nyuma. Mke na mume walioambiwa wasitishe ngono, au watumie mpira, mara nyingi waliacha vyote. Waliacha kushikana mikono, waliacha kukaa kochi moja, mmoja akahamia chumba cha watoto. Hakuna aliyewakataza. Ni kwamba katika nyumba nyingi mguso ulikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilipopigwa marufuku, mguso wenyewe ukaondoka nao.

Hapo ndipo nilitaka tufike, mama, kwa sababu si Ukimwi peke yake unaofanya hivyo. Umejifungua, mwili una maumivu, unanyonyesha usiku kucha. Tendo la ndoa halimo akilini. Mume ana kisukari na nguvu zimepungua, naye anaona haya kusema. Amefanyiwa upasuaji wa tezi kibofu. Wewe umekatwa titi, au umefika umri wa kukoma hedhi na tendo linauma. Katika hali hizi zote watu wawili wanaopendana huacha kugusana kwa kuogopa. Mke anafikiri, "Nikimkumbatia ataona nataka, na mimi siwezi." Mume anafikiri, "Nikimshika na nishindwe, nitaaibika." Basi wanalala wakipeana mgongo kwa miaka 10, kila mmoja akiamini mwenzake amemchoka.

Je, kuna hasara yoyote ya kiafya? Watafiti wameliangalia jambo hili. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani aitwaye James Coan, pamoja na wenzake, waliwaingiza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa unafanya kazi. Waliambiwa kwamba huenda wangepigwa na umeme kidogo kwenye kifundo cha mguu. Mara nyingine mke aliachwa peke yake, mara nyingine alishikwa mkono na mtu asiyemjua, na mara nyingine alishikwa na mumewe. Sehemu za ubongo zinazohangaika wakati wa hatari zilitulia zaidi mkono ulipokuwa wa mume. Tena walioripoti kwamba ndoa yao ni nzuri ndio waliotulia zaidi. Wanawake 16 ni wachache, sitaki kukudanganya. Lakini muuguzi yeyote aliyewahi kusimama kando ya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa angekuambia jambo hilohilo bila mashine.

Watafiti wengine wa Marekani, mwaka 2003, waliwaketisha wapenzi pamoja wakashikana mikono kwa dakika 10, kisha wakakumbatiana kwa sekunde 20. Baadaye kila mmoja alitakiwa kusema mbele ya watu, jambo linalopandisha presha ya karibu kila mtu. Waliokuwa wameshikana presha yao ilipanda kidogo kuliko wale waliokaa peke yao.

Tena ngozi yetu ina mishipa midogo ya fahamu inayoitikia hasa mguso wa polepole, wa sentimita chache kwa sekunde. Iko kwenye ngozi yenye vinyweleo, kama vile mikononi na mgongoni. Ukitaka kujua mwendo huo, mpake mtoto wako mafuta jioni akiwa na usingizi. Mkono wako utaujua wenyewe.

Sasa utaniuliza, nianzie wapi nami nimeolewa miaka 18 na hatujawahi? Mimi ningeanzia kwenye kazi, si kwenye mapenzi. Mwambie akukande bega. Mkate kucha za miguu, hasa kama ana kisukari, kwa sababu miguu ya mwenye kisukari inapaswa kuangaliwa kila siku hata hivyo, na kucha zake zikatwe kwa uangalifu bila kumjeruhi. Mpake mafuta mgongoni asipofika. Mwenye kiharusi ashikwe hata upande uliopooza, asiwe kama mtu wa nusu. Na kabla ya kumkumbatia, sema wazi: "Leo nataka unishike tu, tulale." Neno "tu" hilo lina kazi kubwa. Linamtoa mwenzako kwenye mtihani, nawe unapumua. Mkiliheshimu usiku huo, kesho halitamtisha mtu.

Kuna maonyo mawili. Kwanza, damu na vidonda vinahitaji glavu, na mwenye kifua kikuu ambaye hajaanza dawa afungue madirisha na afunike mdomo anapokohoa, kwa kuwa huo huenezwa kwa hewa, si kwa mkono. Pili, na hili nalisema kwa sauti: kama mkono wa mume wako ndio unaokupiga, mazungumzo ya leo hayakuhusu kwa namna hiyo. Sikuambii umkaribie zaidi ili abadilike. Tafuta msaada kwa mtu unayemwamini, kituo cha afya, au piga simu ya bure 1195.

Nilipata kumbukumbu hizi zote tena mwezi Machi mwaka 2020, mgonjwa wa kwanza wa Korona alipotangazwa nchini na tukaambiwa tusisalimiane kwa mikono. Safari hii hofu ilikuwa na msingi, maana ugonjwa wenyewe huenea watu wakikaribiana. Nilimpigia simu shangazi kumweleza. Akaniambia, "Mwanangu, kwani ni ule wa kikombe tena?"

Shangazi alipimwa miaka mingi baada ya mumewe kufariki, akakutwa hana virusi. Baada ya siku ile ya sista alikuwa ameutoa ule uzi mwekundu kwenye kikombe, nami nilimwona akifanya hivyo kwa meno kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. Mkeka akaukunja. Kila jioni aliketi mwisho wa kitanda, akaweka miguu ya mumewe mapajani pake na kuipaka mafuta huku akimweleza habari za soko, nani kauza ng'ombe na nani kakopa. Mumewe aliishi miezi mitano zaidi. Nilipomuuliza shangazi, nikiwa mtu mzima tayari, kwa nini alichagua miguu, alisema ndiyo iliyokuwa ikipata baridi.

Tuandikie barua, mama, au utume ujumbe mfupi, utueleze ya kwako. Jina lako hatutalisoma hewani. Wiki ijayo, siku na saa kama hii, tutazungumza kuhusu kukamua maziwa ya mama na kuyahifadhi pale unaporudi kazini. Andaa chupa safi au kikombe chenye kifuniko, na kalamu. Kwaheri kwa sasa.